Mkwe wangu amemwaga dawa niliyomchemshia. Nibaki Lubumbashi au nirudi Kasenga?

Jambo Mama Muuguzi,

Anayekuandikia ni mama wa miaka 61, mtu wa Kasenga, kule kwenye mto Luapula. Mimi simu naijua ya kupokea na kupiga tu. Anayeandika ni mtoto wa jirani yetu hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Mimi ninasema, yeye anabonyeza.

Nimezaa watoto saba. Watano niliwazalia nyumbani, mikononi mwa mama yangu mkubwa, wawili kwenye maternite ya misheni. Hakuna aliyenikata. Mmoja wa hao watoto ndiye aliyeniita huku. Anafanya kazi Kolwezi, kwenye kampuni inayochukua kazi za mgodi: anakaa kule wiki tatu, anarudi nyumbani wiki moja. Mke wake ana mimba ya pili, imeingia mwezi wa nane. Mtoto wa kwanza walimtoa kwa kisu. Mwanangu akanipigia: "Mama, njoo ukae naye, siwezi kumwacha peke yake na mtoto mdogo." Nikaacha mihogo yangu shambani, nikaja na samaki wakavu na mfuko wa unga.

Sikuja kutawala nyumba ya mtu. Lakini macho ninayo. Mkwe wangu analala mchana, tangu saa saba mpaka saa tisa, na bukari (ugali) ya jioni inanisubiri mimi. Bidoni la maji halibebi. Mayai anakula, na sisi tulifundishwa kwamba mwenye mimba hayagusi, mtoto atatoka bila nywele. Hayo yote niliyaona nikanyamaza.

Kilichoniumiza ni dawa. Kwetu mwezi wa nane ukiingia mwanamke anaanza kunywa mizizi ya kufungua njia, ili siku ikifika mtoto asikwame. Mama yangu alikunywa, mimi nilikunywa. Nilitaka safari hii azae kama wanawake wengine. Kuna watu wanaosema mwanamke aliyepasuliwa hajaujua uchungu, na mimi sitaki mtu amseme hivyo mke wa mwanangu. Nikatuma mtu Kasenga, mizizi ikaja, nikaichemsha kwenye mbabula, jiko la makaa, asubuhi nzima mpaka maji yakawa mekundu, nikaijaza kwenye chupa. Alikunywa siku mbili, kikombe kimoja kimoja. Siku ya tatu ilikuwa siku yake ya CPN, ya kupima mimba. Nikamsindikiza mpaka kituoni, yeye akaingia, mimi nikabaki kwenye benchi pamoja na wengine. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri. Nikamsikia muuguzi: "Hayo mambo ya bibi wa kijiji uyaache. Atakuua huyo." Wanawake wote wa kwenye benchi wakageuka kuniangalia.

Tulirudi bila neno. Tulipoingia kwenye parsele alichukua ile chupa, akaimwaga nyuma ya choo, mjukuu wangu akiwa amesimama pale. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tangu siku hiyo tunaongea ya chumvi na makaa tu. Mimi nampigia mwanangu asubuhi, yeye anampigia mchana, kila mtu na mashitaka yake, na sasa mwanangu anaacha simu ilie mpaka usiku. Mjukuu naye, miaka mitatu na nusu, ameanza tena kukojoa kitandani na hataki kutoka kwenye kanga ya mama yake. Nikamwambia mkwe asimdekeze, mwingine yuko njiani. Na hilo pia likawa ugomvi.

Juzi nimefunga mfuko wangu. Nauli ya Kasenga ninayo. Lakini nikafikiri: nikiondoka na jambo baya likatokea, watasema bibi aliondoka na roho mbaya. Nikibaki, ninabaki kama nani? Niambie kweli, usinifiche: ile dawa ni mbaya? Nibaki au nirudi?

Bibi wa Katuba

*

Jambo Mama,

Ubaki. Fungua mfuko huo, urudishe nguo zako mahali pake. Nitakueleza kwa nini, na juu ya dawa nitakujibu bila kuzunguka, kwa sababu umeomba ukweli.

Kwanza lile benchi. Mimi ni muuguzi na mkunga, na maneno uliyoyasikia mlangoni yaliniuma kuyasoma. Yule muuguzi alikuwa na haki, tena alikuwa na wajibu, wa kumkataza mkwe wako ile mizizi. Hakuwa na haki ya kukuvunjia heshima mbele za watu. Mwenye mimba tunamwona kituoni nusu saa, halafu anarudi kwenye nyumba ambako atakula, atalala, atachota maji na ataanza uchungu. Ukimfundisha yeye peke yake na kumtukana mama mkwe anayemngoja nje, umempa vita vya kwenda navyo nyumbani, na tumbo lake la miezi minane. Alitakiwa akuite ndani, akupe kiti, akuulize ni mizizi gani na alikunywa kiasi gani, kisha akueleze kama mtu mzima anavyoelezwa. Kwa kuwa hilo halikufanyika pale, ngoja nilifanye hapa.

Ndiyo Mama, ile dawa ni hatari. Na kwa mkwe wako ni hatari kuliko ilivyokuwa kwako.

Sisemi kwamba mizizi ya kufungua njia haifanyi kazi. Mingi inafanya kazi kweli, inakaza kizazi na kuleta uchungu, na shida yenyewe iko hapo. Hakuna anayejua nguvu iliyomo katika kikombe kimoja. Mzizi uliochimbwa wakati wa mvua si sawa na wa kiangazi, na uliochemshwa asubuhi nzima si sawa na wa nusu saa. Hospitalini nasi tunayo dawa ya kuongeza uchungu, inaitwa oksitosini. Tunaitia ndani ya seramu, maji ya kutundikwa mshipani, inaingia tone kwa tone, mtu amekaa pembeni anahesabu uchungu na kusikiliza moyo wa mtoto, na mambo yakizidi tunaifunga palepale. Kikombe kikishamezwa hakuna wa kukifunga. Mtoto tumboni anapata hewa yake kwa damu ya mama, na damu hiyo inapita vizuri kizazi kinapolegea, kati ya uchungu mmoja na unaofuata. Uchungu ukija juu ya uchungu bila kupumzika, mtoto anakosa hewa. Isitoshe, mwezi wa nane ni mapema. Uchungu ukiamshwa sasa, anazaliwa mtoto ambaye mapafu yake huenda hayajawa tayari.

Halafu kuna kovu. Kizazi cha mkwe wako kilikatwa kikashonwa. Kimepona, lakini mahali pa mshono hapana nguvu sawa na pengine, kama gunia la unga lililoshonwa upande mmoja: linabeba siku zote bila shida, ila ukilishindilia kupita kiasi litafunguka palepale penye uzi. Kizazi kikifunguka hivyo, damu inamwagika ndani ya tumbo ambako hamuioni, na mtoto anabaki na dakika chache tu. Wewe ulizaa saba na kila mara ulikunywa, hilo ni kweli. Kizazi chako hakikuwahi kuguswa na kisu.

Kwa hiyo hakuna mizizi tena, hata kidogo, hata mwezi wa tisa ukiisha, hata jirani akisema ya kwake ni laini. Na ile mara mbili aliyokunywa, msiifiche. Mkienda kupima tena mseme: alikunywa vikombe viwili, mizizi ya aina fulani, tarehe fulani. Tumbo likianza kukaza na kuachia mara kwa mara kabla ya wakati, msingoje siku ya CPN.

Sasa nikuambie jambo ambalo pengine hakuna aliyekuambia: unalolitamani linawezekana. Mwanamke aliyepasuliwa mara moja anaweza kuzaa kwa njia ya kawaida mara ya pili. Kati ya wanawake 100 wa namna hiyo wanaojaribu, 60 hadi 80 wanafaulu. Mshono hufunguka kwa mmoja hivi kati ya 200 wanaojaribu, na hatari hiyo hupanda uchungu unapochochewa kwa dawa. Lakini hesabu hizo zimetoka katika hospitali ambamo chumba cha upasuaji kiko hatua chache kutoka kitanda cha kuzalia. Kwa mwanamke anayejaribia nyumbani, au kwenye kituo kidogo kisicho na daktari wa upasuaji, siwezi kumpa hesabu hizo. Pia mjukuu wako ana miaka mitatu na nusu, na hiyo ni heri kwa mshono. Mimba zinazofuatana upesi, mtoto na mtoto wakiachana chini ya mwaka mmoja na nusu, ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi.

Kama atajaribu au atapasuliwa kwa tarehe iliyopangwa, ni daktari wa uzazi atakayeamua pamoja naye, akijua mambo mawili: kwa nini alipasuliwa mara ya kwanza, na kizazi kilikatwa kwa upande gani. Kovu la kwenye ngozi halionyeshi kila mara jinsi ndani palivyokatwa. Ndiyo maana karatasi ya upasuaji wa kwanza ni mali. Muulize mkwe wako iko wapi. Kama imepotea, hospitali iliyompasua wanaweza kuwa nayo kwenye vitabu vyao, na kuifuata ni kazi ya wiki hii, isingoje uchungu. CPN aendelee nayo kituoni kwenu, ila siku ya kuzaa iwe hospitali yenye daktari, chumba cha upasuaji na damu, usiku na mchana. Lubumbashi tunazo, Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu zikiwemo. Mwulizeni mkunga awaandikie barua ya kumpeleka huko mapema, kabla mwezi wa tisa haujaingia.

Na hao wanaosema aliyepasuliwa hajaujua uchungu, Mama, nakuomba usiwabebee maneno yao. Wengi wanaopasuliwa walishapambana na uchungu mchana na usiku kabla ya kisu. Halafu wanaamka na jeraha la tumbo, na jioni hiyohiyo wananyonyesha. Mkwe wako alizaa. Umewahi kumwomba akusimulie siku ile? Wewe ulikuwa Kasenga, hukuona. Mwombe. Mketi, umwache aseme mpaka mwisho, usimwambie wewe ulifanyaje kwa wako. Nadhani utasikia mambo yatakayokufanya uelewe kwa nini aliichukua ile chupa bila kusema neno.

Kuna muuguzi wa Marekani, Reva Rubin, aliyekaa miaka mingi akiwaangalia wajawazito na kusikiliza wanachohangaikia. Aliona kwamba mwenye mimba ana kazi za moyo anazozifanya, mbali na zile za mikono. Ya kwanza ni kutafuta njia salama, yeye na mtoto wapite wazima. Nyingine ni kuhakikisha kwamba watu wa nyumba wamempokea mtoto huyo na kumpa nafasi kabla hajazaliwa. Mkwe wako alipomwaga chupa alikuwa kwenye kazi ile ya kwanza. Alitishwa kwamba atakufa, akafanya alichoona kitamwokoa yeye na mjukuu wako. Sitetei mtindo wake. Angeweza kukaa na wewe akakueleza, na nadhani aliona aibu akashindwa. Lakini ile kazi ya pili hawezi kuifanya bila wewe. Mume wake yuko kilomita 300 kutoka hapo. Mtu wa upande wa mume aliye karibu, wa kumwonyesha kwamba mtoto huyu anangojwa na ukoo, ni wewe. Uliuliza unabaki kama nani. Unabaki kama huyo.

Tuje kwenye usingizi wa mchana. Katika mimba mwili unaongeza damu karibu nusu ya ile iliyokuwepo, na moyo unaisukuma yote hiyo usiku na mchana. Sijaona fishi yake, karatasi ya vipimo vyake, lakini wanawake wengi tunaowapima huku wana upungufu wa damu, na hiyo inachosha kuliko kulima. Saa mbili za kulala mchana si uvivu. Alale kwa ubavu, asilale chali, maana katika miezi hii tumbo likimlalia mshipa mkubwa wa mgongoni damu hairudi vizuri. Bidoni la lita 20 ni kilo 20. Asilibebe, na wewe pia kwa miaka yako usilibebe. Hapo Katuba hawakosekani vijana wa kuchota maji kwa pesa kidogo, na hilo mwanao wa Kolwezi alilipie.

Mayai ayale. Mtoto hutoka na nywele au bila nywele kwa jinsi ukoo wake ulivyo, na yai ni chakula cha kujenga damu na nyama. Samaki wako wa Luapula ni wazuri pia, na sombe (majani ya mihogo), na kalembula (majani ya viazi vitamu), na maharagwe. Vile vidonge vya chuma alivyopewa kituoni avimeze kila siku, ila asivishushie na chai. Chai ya majani inazuia chuma kisiingie mwilini. Ameze kwa maji, au pamoja na chungwa, chai ije saa moja au mbili baadaye. Vidonge vya malaria wanavyomezeshwa palepale kwenye CPN asivikimbie, na chandarua kishuke kila usiku, hata wakati wa baridi.

Mjukuu nimemfikiria sana. Mtoto wa miaka mitatu na nusu anayerudia kukojoa kitandani hajadekezwa. Ameona tumbo linakua, baba haonekani, bibi amekuja, na watu wazima wawili hawasemezani. Tena alisimama pale chupa ikimwagwa. Hana maneno ya kuyasema hayo, kwa hiyo anarudi kwenye utoto. Ukimchapa au kumwaibisha itazidi. Na ninyi mtafanya kosa kubwa mkimhamisha kutoka kitanda cha mama siku ileile mdogo wake anapoletwa nyumbani. Ataona amefukuzwa na mgeni. Anza sasa. Alale kwako, mwanzoni usiku mmoja mmoja, umpigie hadithi zile ulizowapigia baba yake na ndugu za baba yake. Umwamshe akojoe kabla wewe hujalala. Asubuhi aende na wewe sokoni kuchagua ndakala, wale samaki wadogo. Mama yake atakapolazwa, na akipasuliwa tena atalazwa siku kadhaa, mtoto atabaki kwa mtu aliyemzoea. Mumwambie kwa maneno rahisi: mama atakwenda hospitali, atarudi, wewe utabaki na bibi. Kitu hicho kimoja ukikifanya vizuri utakuwa umemtunza mkwe wako kuliko chupa kumi za dawa, kwa sababu mama anayezaa huku moyo wake uko kwa mtoto aliyemwacha analia hapumziki.

Nimebakiza la usiku, ambalo ndilo linalonifanya nikukataze kuondoka.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba wanawake wanaokufa katika uzazi hucheleweshwa mahali patatu: nyumbani kabla ya kuamua kwenda, njiani, na hospitalini kabla ya kuhudumiwa. Yale mawili ya mwisho wewe huna uwezo mkubwa juu yake. Lile la kwanza liko mikononi mwako kabisa. Ni saa nane usiku, mkwe anasema kichwa kinamuuma, mume hapokei simu, pesa hazijulikani ziko wapi, mtu anasema tungoje kukuche. Nimeona wanawake waliofika kwetu wamechelewa kwa kungoja ruhusa tu.

Kwa hiyo shika haya, na mtoto wa jirani akuandikie kwenye karatasi mbandike karibu na mlango. Damu yoyote inayotoka njia ya uzazi, hata kama haiumi. Kichwa kinachogonga na hakipoi, macho kuona ukungu au nyota, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla. Hayo ni ya presha ya mimba, na yanaweza kuishia kwenye degedege. Homa. Maji kuvuja. Mtoto aliyekuwa anacheza kisha akapunguza au akanyamaza. Na kwa yeye mwenye kovu, maumivu mahali pa mshono yasiyoachia hata uchungu unapopumzika, au uchungu uliokuwa mkali ukakatika ghafla. Ukiona moja tu kati ya hayo, mnaondoka. Hata kama hakuna dalili mbaya, uchungu wa kawaida ukianza asikae nyumbani kungoja ukomae. Wewe ulingoja nyumbani na ilikuwa sawa kwako. Yeye aende mapema.

Wewe umezaa mara saba. Unajua uso wa mwanamke ambaye mambo yake hayaendi vizuri, unaujua kabla yeye mwenyewe hajasema. Hakuna kijana wa jirani atakayeuona. Jicho hilo ndilo nyumba hiyo inalihitaji.

Namna ya kuanza tena kuongea naye: usiitishe kikao, wala usimwite mtu wa kanisa aje kuwapatanisha, jambo halijafika huko. Mwambie tu: "Mimi sikujua habari ya kovu. Nilitaka uzae bila kisu. Sasa nimeelezwa. Siku ya kupima nitakwenda na wewe, na safari hii nitaingia ndani." Halafu uingie kweli. Mtu wa kumsindikiza mjamzito anaruhusiwa akitaka mwenyewe. Umwambie mkunga jina lako, uulize maswali yako. Akikujibu vibaya, muulizieni mkunga mkuu wa kituo.

Mwanao naye. Msimpigie tena kila mmoja kwa zamu na mashitaka. Chagueni jioni moja, mweke simu kwa sauti kubwa katikati yenu, muongee watatu. Mambo ya kumwambia ni haya. Aende kwenye ofisi ya kampuni yake aulizie bon ya hospitali ya mke wake, ile karatasi ya kampuni ya kulipia matibabu: sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri abebe matunzo ya mfanyakazi na ya familia yake, mimba na uzazi vikiwemo, na sheria hiyohiyo inampa baba siku mbili za kazi mke akizaa. Siku mbili ni kidogo, kwa hiyo aombe mapema wiki yake ya kurudi isogezwe iangukie karibu na tarehe ya kuzaa. Aulize kundi la damu la mkewe, liko kwenye fishi, na atafute ndugu au rafiki wawili hapa Lubumbashi walio tayari kutoa damu siku yoyote wakiitwa, kwa sababu hospitali mara nyingi huwaomba ndugu. Amtafute mwenye gari au taksi wa mtaa huo anayekubali kuamshwa usiku, wakubaliane bei kabisa, na njia ya kupita mvua ikiwa imejaza barabara. Na aseme mbele yenu wote wawili, kwa mdomo wake mwenyewe: "Mama, ukiona dalili, usinisubiri mimi. Mpeleke."

Pesa ya taksi hiyo aitume wiki hii, uitoe, ikae ndani ya nyumba, mahali ambapo wewe na mkwe wako mnapajua wote wawili.